Kumbukumbu za vita kando ya bahari ya Mombasa: mwongozo kamili kwa anayetoka Nairobi

Watu wengi wa Nairobi wakishuka Mombasa huelekea Nyali, Bamburi au Diani. Fort Jesus huipitia kwa saa moja, wakapiga picha mlangoni, wakaondoka. Nje ya ngome hiyo imesimama mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliyotoka katika meli mbili za maadui, na meli moja ndiyo iliyoizamisha nyingine. Mwendo mfupi wa tuktuk kutoka hapo iko bustani ya Mama Ngina, juu ya mlango wa bahari ambamo maelfu ya askari wa Afrika Mashariki walipita wakienda vitani, na wengine hawakurudi. Asubuhi ya siku ya kazi, bustani hiyo huwa kimya kabisa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyaona mambo haya kwa utulivu, bila haraka ya kundi la watalii. Unahitaji siku tatu na kulala Mombasa mara mbili, pamoja na nusu siku ya maandalizi Nairobi. Naomba usiiruke hiyo nusu siku. Mizinga ni chuma tu mpaka ujue nani aliivuta, nani ilimuua na nani hakuandikwa jina popote. Majibu mengi yako huku huku kwetu.

Anza hapa hapa Nairobi

Nenda kwanza Kenyatta Avenue, kwenye sanamu ya askari iliyozinduliwa 1928. Wengi wetu tunaipita kila siku tukikimbilia matatu bila kuinua macho. Simama dakika kumi. Watu wa shaba waliopo pale si askari wenye bunduki peke yao, yumo pia mbebaji mizigo. Soma maandishi yaliyo chini yao, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawataja wabebaji kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake akafa, wanawe watalikumbuka jina lake. Iweke ahadi hiyo kichwani, kwa sababu safari hii yote utakuwa unaipima.

Kisha panda matatu za Ngong Road, kwa mfano zile za namba 111, umwambie makanga akushushe War Cemetery. Makaburi haya ya Vita vya Pili vya Dunia yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kuna karibu makaburi 2,000, nyasi zimekatwa vizuri, na kelele za barabara hupotea ukishaingia ndani kidogo. Nenda asubuhi, vaa kwa heshima, msalimie mtunzaji, umweleze kilichokuleta.

Humo ndani tafuta Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ulioandikwa majina ya askari wa nchi kavu wasio na kaburi linalojulikana. Wapo waliokufa wakisonga mbele kutoka Kenya kuingia kusini mwa Ethiopia na Somalia iliyokuwa chini ya Italia, na waliokufa katika vita vya Madagascar. Wapo pia wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Hao wa 301 ndio utakaokwenda kuwaona baharini, kwa hiyo chukua daftari, chagua majina mawili au matatu kati yao na uyaandike kwa mkono. Picha ya simu utaisahau kesho. Jina uliloliandika mwenyewe litakaa.

Kama katika ukoo wenu kuna babu aliyekuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, huu ndio wakati wa kupiga simu nyumbani. Uliza alikuwa kikosi gani, alikwenda Bama (Burma) au Madagascar, na kama nishani zake bado zipo. Tovuti ya Tume hiyo ya makaburi ina sehemu ya kutafuta waliokufa kwa jina na kwa kikosi. Jaribu tahajia zaidi ya moja, maana makarani wa enzi hizo waliandika majina yetu walivyoyasikia.

Siku, msimu na tikiti

Panga safari yako kati ya Jumatatu na Alhamisi. Wikendi na likizo za shule Fort Jesus hujaa, na Jumapili jioni bustani ya Mama Ngina huwa na umati wa familia, muziki na wachuuzi. Hiyo nayo ni raha yake, lakini siyo unayoifuata safari hii.

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma na joto hupungua. Ndiyo miezi ninayoipenda kwa matembezi ya aina hii. Januari hadi Machi jua la Mombasa ni kali, na kutembea juu ya kuta za mawe saa sita mchana ni kujitesa. Aprili na Mei kuna mvua za masika, na mawe ya ngome huteleza.

Treni ya SGR ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa sababu reli inapita pembeni mwa uwanja wa vita wenyewe, kama utakavyoona. Ya asubuhi huondoka Nairobi saa mbili na kusimama katika vituo vya katikati, ya mchana huondoka saa tisa, na ipo ya usiku pia. Chukua ya asubuhi, nyingine zitakunyima mwanga wa kuona Tsavo na Taita. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida imekuwa shilingi 1,500 na daraja la kwanza shilingi 4,500 kwa njia nzima. Hakikisha nauli na ratiba siku unapokata tikiti. Unakata kwa simu au mtandaoni, unalipa kwa M-Pesa, na jina la tikiti lazima lilingane na la kitambulisho. Karibu na sikukuu tikiti huisha mapema mno, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.

Fika kituo cha Syokimau saa nzima kabla ya treni kuondoka. Kuna ukaguzi zaidi ya mmoja, mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, na kisu cha matunda kitaachwa hapo. Kutoka katikati ya jiji kuna treni ya abiria inayokwenda hadi kituo hicho, na asubuhi huokoa watu wengi na msongamano wa Mombasa Road.

Beba kitambulisho chenyewe na sio picha yake, maana raia hulipa kiingilio cha chini Fort Jesus. Kofia, maji, viatu vyenye soli isiyoteleza, shali au kanga nyepesi na lile daftari. Tochi ya simu itakufaa kwenye vyumba vyenye giza. Hayo yanatosha.

Njiani, tazama upande wa kulia

Ukiweza, kaa dirishani upande wa kulia kama unavyoelekea Mombasa. Asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana upande huo, na ukikaribia Voi vitaanza kujitokeza vilima vya Taita.

Nyuma ya vilima hivyo, zaidi ya kilomita 100 kutoka Voi, ndiko Taveta. Vita vilipoanza Agosti 1914, jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka Tanganyika na kuuteka mji huo katika mwezi huo huo. Mwaka uliofuata vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani usiku kuja kulipua reli ya Uganda, ile ya zamani ambayo bado utaiona mahali fulani fulani ikienda sambamba na ya kwako. Walitembea siku nyingi katika nyika isiyo na maji ili kutega baruti chini ya reli. Waingereza nao wakajenga reli ya tawi kutoka Voi kuelekea Maktau ili wapeleke askari na maji. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, wakarudishwa nyuma.

Kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lililofika mbali na reli lilibebwa kichwani na mtu. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, magari yalikuwa machache, barabara hazikuwepo. Basi wakachukuliwa vijana, wengi kwa nguvu, kutoka karibu kila kabila la nchi hii na nchi jirani. Walikufa zaidi kwa kuhara, malaria, njaa na kuchoka kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita vile, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika 350,000. Wengi wa wabebaji wetu wamo humo. Kwa hiyo treni inapokata Tsavo, usilale.

Mwenye siku ya ziada anaweza kushuka Voi na kupanga gari hadi Maktau na Salaita, lakini hiyo ni safari nyingine yenye maandalizi yake. Jambo moja tu ulijue mapema: ukikuta ganda la risasi au kipande cha chuma cha zamani porini, usikiguse wala usikibebe. Kinaweza kuwa hai, na hata kama hakiko hai, vitu hivyo vinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006.

Kufika na kulala

Treni itakushusha Miritini, nje ya mji. Kuna matatu hadi katikati ya mji, teksi za programu za simu na tuktuk. Tafuta chumba Mji wa Kale, Ganjoni au Tudor, ili asubuhi usipambane na daraja la Nyali. Jioni tembea Ndia Kuu taratibu, upite karibu na msikiti wa Mandhry wa 1570, ule viazi karai, ulale mapema.

Fort Jesus, saa mbili kamili asubuhi

Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Uwe mlangoni inapofunguliwa. Saa mbili za mwanzo ni zako, baada ya hapo mabasi ya shule na makundi ya watalii huanza kumiminika.

Usiingie bado. Anza na mizinga miwili iliyo nje.

Mmoja ni wa meli ya Uingereza HMS Pegasus, mwingine ni wa manowari ya Ujerumani iitwayo Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, haiwezi kusonga. Alfajiri Königsberg ikatokea baharini, ikaanza kupiga kutoka umbali ambao mizinga ya Pegasus haikuufikia. Pegasus ikazama, na mabaharia wake waliokufa wakazikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja. Baadaye mizinga yake ilitolewa majini ikatumika nchi kavu.

Königsberg ilikimbilia delta ya Rufiji ikajificha katikati ya mikoko. Waingereza waliziba midomo ya mto kwa miezi kadhaa, kisha Julai 1915 wakaleta meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni. Tarehe 11 Julai nahodha wake, Max Looff, aliamuru meli izamishwe na watu wake wenyewe. Mizinga yake kumi ya milimita 105 haikuachwa pale. Ilitolewa majini, ikavutwa kwa kamba na mamia ya Waafrika kupitia matope na misitu, ikatiwa magurudumu na kutawanywa katika jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Kwa miaka iliyofuata mizinga hiyo ilipiga kelele katika vita vya nchi kavu, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Sasa uzunguke mzinga wa Königsberg polepole. Chungulia mdomoni, utaona mifuo iliyochongwa kwa mzunguko ndani ya mtutu. Mifuo hiyo huifanya risasi izunguke inapotoka, ndiyo maana iliweza kwenda mbali ikiwa imenyooka. Nenda nyuma yake uone mahali pa kufungulia na kutia risasi. Kisha utazame unene wa chuma, na ujaribu kufikiria kamba begani, matope ya Rufiji hadi magotini, na mnyapara nyuma yako. Majina ya waliouvuta hayako kwenye kibao chochote hapo. Mimi huona hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote za ngome, na iko nje, ambako watu huegemea wakisubiri wenzao wakate tiketi.

Ukishamaliza, lipia uingie. Malipo mengi siku hizi ni ya simu, kwa hiyo hakikisha una salio na chaji. Waongozaji watakukaribisha mlangoni, na wazuri wanajua mengi. Mkubaliane bei mapema, kwa upole, na umwambie unataka habari za vita na za wafungwa, asije akakupitisha mbio.

Ndani, haya ndiyo ya kukupa muda wako. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, kwa mawe ya matumbawe, na ukiiona kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Kati ya 1631 na 1875 ilitekwa na kutekwa tena mara tisa. Mwaka 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amelelewa na Wareno na kubatizwa, aliwaasi na kuitwaa. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na kuzingirwa huko kulidumu hadi Desemba 1698. Waliokuwamo waliisha kwa njaa na maradhi. Meli ya Wareno Santo António de Tanná iliyokuja kuwaokoa ilizama mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyoopolewa humo na wapiga mbizi wa miaka ya 1970 utaviona ndani ya makumbusho. Kaa navyo. Kwenye plasta iliyohifadhiwa kuna michoro ya meli na watu iliyochorwa na askari Wareno, na hakuna kitu kinachonionyesha vizuri zaidi uchovu wa kulinda ukuta mwaka mzima ukingoja tanga litokee.

Wakati wa Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, mji huu ulimtoa Muyaka bin Haji, ambaye tungo zake zilibeba ubishi wa Mombasa dhidi ya Sayyid Said. Ukiwa umezisoma shuleni, zikumbuke ukiwa juu ya ukuta unaotazama bahari. Januari 1875 meli za Uingereza ziliipiga ngome kwa mizinga ili kumtoa Al-Akida aliyekuwa amemuasi Sultani wa Zanzibar. Kuanzia 1895 hadi 1958 ikawa gereza la serikali ya kikoloni, na 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Juu ya kuta kuna mizinga mingi ya zamani. Linganisha na ile ya nje. Hii ilitiwa baruti na tufe kupitia mdomoni, haina mifuo ndani, na kila ilipopigwa wapigaji walianza kazi upya. Ukiviona vyote kwa asubuhi moja utaelewa kwa nini ngome iliyohimili miezi na miezi ya kuzingirwa haikuwa na nafasi mbele ya silaha za karne iliyofuata.

Usiwapandishe watoto juu ya mizinga, na usiketi ukingoni mwa kuta. Saa tano ondoka, jua limeshakuwa kali.

Jioni: sanamu ya pili

Jioni jua likipungua, pita Jomo Kenyatta Avenue uione sanamu ya askari ya Mombasa, ndugu ya ile ya Nairobi. Dakika chache zinatosha kwa aliyeisoma vizuri ile ya kwetu. Ukitaka kujua ahadi ile ilifikia wapi, waulize wapita njia sanamu hiyo ni ya nani.

Mama Ngina, alfajiri ya siku ya tatu

Amka saa kumi na moja na nusu, chukua tuktuk, mkubaliane nauli kabla ya kupanda, umwambie Mama Ngina, au Lighthouse kama wenyeji wanavyopaita. Ukifika saa kumi na mbili utawakuta wanaokimbia mazoezi, wazee wachache waliotoka msikitini na mibuyu mikubwa iliyokuwepo kabla ya vita vyote hivi. Bustani ilifanyiwa ukarabati mkubwa na sherehe za Mashujaa za Oktoba 2019 zikafanyika hapo. Kuna njia za kutembea, viti na uwanja wa maonyesho.

Tembea hadi ncha ya Ras Serani. Huku yako magofu ya ngome ndogo ya Wareno ya Mtakatifu Yosefu, iliyojengwa kulinda mlango wa bahari. Ni mabaki tu, usitarajie Fort Jesus ya pili. Yatakuonyesha kwamba kila mtawala aliyekuja aliuona mlango huu huu kwanza. Ng'ambo ni Likoni, na katikati ndiyo njia ya meli kuingia Kilindini. Meli za makasha hupita karibu hapa, na ukubwa wake hushtua mtu aliyezoea kuziona kwenye picha.

Kaa kitini utoe daftari.

Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo, kundi la manowari za Uingereza la Mashariki lilihamisha makao yake Kilindini. Mombasa ikajaa mabaharia. Hata shule ya Allidina Visram, iliyoko ufukweni upande wa pili wa kisiwa, ilichukuliwa ikawa mahali pa kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Wanafunzi wanasoma hapo hadi leo.

Mapema Februari 1944, meli ya abiria Khedive Ismail ilitoka bandari hii ikiwa na zaidi ya watu 1,500, wakiwemo wauguzi na kikosi kizima cha 301 cha wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Walikuwa wakienda Colombo, na baada ya hapo mbele ya vita dhidi ya Wajapani. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa watu 1,297.

Majina uliyoyaandika Ngong Road ni ya vijana waliopita njia hii ya maji. Yasome kwa sauti. Wengi walitoka bara, na yawezekana siku zile za Mombasa ndizo zilikuwa mara yao ya kwanza kuona bahari. Mimi naamini hii ndiyo maana kamili ya kuja huku, kuyaleta majina mahali walipoondokea watu wenyewe. Ukitaka kusoma dua au sala, pana nafasi ya kutosha na hakuna atakayekusumbua saa hizo.

Kabla ya kwenda, uliza habari za maji. Siku za bamvua bahari hujaa kwa nguvu na mawimbi hupiga mwamba hadi juu. Usishuke kwenye majabali hata ukiona vijana wakivua huko, wao wameyazoea tangu utotoni. Vaa shali, upepo wa alfajiri ni mwingi kuliko unavyodhani.

Ukikaa hadi saa tatu utapata dafu. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu huja zaidi jioni, kwa hiyo kifungua kinywa kitafute mjini, mahamri na mbaazi.

Picha na adabu

Usielekeze kamera kwenye kivuko cha Likoni, bandari au kambi za jeshi la majini. Askari wakikukuta watakusimamisha, na kubishana nao hakutakusaidia. Picha za bahari wazi, mibuyu na magofu hazina shida. Katika mitaa ya Mji wa Kale funika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke, na usipige watu picha bila ruhusa. Ukimkuta mzee kibarazani, mwamkie shikamoo kwanza, umpe habari za ulikotoka, kisha ndipo uulize la kuuliza. Habari nzuri kuliko za vibao vyote hutoka kibarazani, lakini hazitoki kwa mtu mwenye haraka.

Kurudi, na kazi inayobaki

Treni ya mchana kutoka Mombasa nayo huondoka saa tisa. Ondoka mjini saa saba, maana msongamano wa barabara ya Miritini hautabiriki. Ukiwa ndani ya treni, maliza daftari wakati mambo bado mabichi.

Kama ulipiga simu nyumbani ukaambiwa babu au baba wa babu alichukuliwa vitani asirudi, na jina lake hulipati kwenye orodha za Tume, andika mambo haya: majina yake yote pamoja na la baba yake, kijiji na lokesheni, rika lake, mwaka au tukio lililokaribiana na kuondoka kwake, kikosi kama kinajulikana, na nani aliyeleta habari za kifo. Piga picha barua, nishani au karatasi yoyote ya jeshi iliyobaki, pande zote mbili. Tangu ripoti ya 2021 Tume hiyo imekuwa ikitafuta majina ya Waafrika walioachwa nje, na tovuti yake inaeleza jinsi ya kuwasilisha ushahidi. Mzee anayelikumbuka jina hilo mrekodi kwa sauti, kwa lugha yake mwenyewe, mwaka huu huu.